Gego la Sabuni na Vita vya Mfereji

Zimeni redio, enyi wapangaji wa mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Epueni sufuria, mwamsheni yule anayejifanya amelala, na anayetafuna karanga azitafune taratibu. Mimi Wesonga, karani wa tiketi wa reli mstaafu, niliyetangaza treni zilizofika na hasa zile ambazo hazikufika, nafungua leo kinywa changu kueleza habari ambayo wazazi wenu hawakuisikia na wajukuu wenu hawataisadiki. Si habari ya wafalme. Wafalme wana watu wao wa kuwasimulia. Hii ni habari ya jino moja, tena la sabuni, lililochongwa katika ploti yetu hii ya Makadara, likapotea, likapatikana limelika, likahukumiwa mbele ya mkuu wa meno yote, likashinda. Atakayecheka kabla sijafika mahali pa kuchekea atatoka nje akakae na kuku.

Yuko mlango wa nne binti aitwaye Maurine Adoyo, Mshika Kiwembe Asiyetetemeka, Mpekuzi wa Vinywa, mwanafunzi wa udaktari wa meno mwaka wa pili. Anakaa na bibi yake, Adongo, Msabato wa tangu zamani, ambaye ploti nzima tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, hata sisi Wabukusu. Tangu Maurine aingie chuoni hajamtazama mtu machoni. Ukimwamkua asubuhi, macho yake yanashuka moja kwa moja mdomoni mwako, yanazunguka huko, yanahesabu, kisha ndipo anakuitikia. Mimi aliniambia siku moja, tena mbele ya watu, kwamba chonge langu la juu kushoto limegeuka kidogo kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Sijacheka kwa upande huo tena.

Basi ikawa huko chuoni Daktari Muasya, mwalimu wa maumbile ya meno, mtu mrefu, mkavu, asiyejua msamaha, alitoa amri. Kila mwanafunzi amletee gego la kwanza la juu, la upande wa kulia, lililochongwa kwa sabuni ya kipande, ukubwa wa mara mbili, taji na mizizi yake. Likikataliwa, alete jingine. La tatu likikataliwa, mwenye jino arudie mwaka, awatazame wenzake wakienda kutia vioo katika vinywa vya watu walio hai, naye abaki akikariri na wadogo zake.

Nanyi lijueni jino lenyewe, maana vita usivyojua silaha zake ni kelele tu. Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka kama sita, kimyakimya, nyuma ya meno ya utoto, bila kung'oa lolote, na wazazi wengi hudhani nalo ni la kutoka wakaliacha lioze. Taji lake lina vilima vinne, viwili upande wa shavu na viwili upande wa ulimi, na tuta linalokatiza katikati kwa mshazari. Ubavuni mwa kilima kikubwa cha upande wa ulimi huonekana mara nyingine kilima cha tano, kidogo, kisichofanya kazi yoyote, mfano wa shemeji aliyekuja kwa wiki moja. Mizizi ni mitatu, miwili ya shavuni na mmoja wa upande wa ulimi, na huo mmoja ndio mrefu. Msiniulize nimejulia wapi. Ukuta kati ya mlango wa nne na wangu ni mwembamba, na yule binti hukariri kwa sauti.

Jino la kwanza alilichonga akijitazama mdomoni kwa kioo cha ukutani. Lilipendeza, wallahi, hata Dani alitaka kuliweka kabatini. Lakini kioo hugeuza mambo, mkono wa kulia ukawa wa kushoto, na Daktari Muasya aliliinua, akaligeuza mara moja, akasema ni gego zuri sana la upande usiotakiwa. La pili lilikuwa la kulia kweli, ila lilivunjika ule mzizi mrefu ndani ya mkoba, akafika mtihanini na jino lenye miguu miwili. Likabaki la tatu, nalo ndilo la kufa kupona.

Hilo la tatu alilichonga kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Alitumia kiwembe kwa vilima, sindano kwa mabonde, na kijiti cha kutolea nyama menoni kwa lile tuta la mshazari. Maganda ya sabuni yalianguka mlangoni, kuku wakayala, wakajuta. Dani alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba mjukuu wake atakuwa daktari, na waumini wenye magego mabovu walikuwa wameanza kumwamkua kwa heshima. Kwa hiyo halikuwa jino la Maurine peke yake. Lilikuwa jino la Dani, la kanisa, na kwa kuwa tunatumia choo kimoja, lilikuwa letu sote.

Jumatatu ya mtihani ilipambazuka, na mtihani ulikuwa mchana. Naye Ibilisi, ambaye hapendi meno, akafungulia maji.

Mnajua maji yetu. Hukaa siku kadhaa bila kuonekana, kisha huja Jumatatu bila hodi, na aliye na mtungi hukimbia na mtungi, aliye na karai hukimbia na karai, na aliyekuwa akiomba hukatisha amina. Asubuhi ile Maurine alikuwa ametangulia mferejini ili alainishe jino lake kwa kidole kilicholowa, kwani sabuni hung'arishwa hivyo. Amekwisha kulisugua hata linawaka, na mimi nikiwa kwenye kigoda changu mlangoni nikimwona, mara Dani akaita kutoka ndani kwamba chai inapoa. Kuitwa na Dani si jambo la kujibiwa baadaye. Maurine akaliweka gego juu ya kibao cha saruji cha kufulia, likauke kidogo, akaingia ndani.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyesoma sana hata akasahau anakokaa. Maana ploti yetu ina sheria, nayo haijaandikwa popote kwa sababu haihitaji kuandikwa. Sabuni iliyoachwa kwenye kibao cha mfereji siku ya maji ni ya wote. Ya mkononi ni yako, ya ndani ya karai lako ni yako, ya kibaoni ni ya mfereji. Kwa sheria hiyo tumeishi kwa amani na kwa nguo safi.

Akatokea mke wangu, Nerima binti Masinde, Mama Nekesa, Mkamuaji wa Mablanketi, ambaye mikono yake imewahi kupasua shuka jipya. Karaini mwake mlikuwa na suruali yangu ya kijivu ya kanisani, yenye doa la mchuzi wa omena pajani. Akatazama kibaoni, akaona kipande cheupe. Aliniambia baadaye kwamba alishangaa ni nani aliyekata sabuni vibaya namna ile, ila alipoishika alibadili mawazo, kwani ile mizizi mitatu iliingia katikati ya vidole vyake ikakaa, akaona kwamba hatimaye amepatikana mtu mwenye akili wa kutengeneza sabuni yenye mpini.

Akaishambulia suruali yangu. Niliona kwa macho yangu mawili lile taji likishuka juu ya doa, likipanda, likishuka, povu likifura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Ningeweza kusema neno. Lakini doa lilikuwa linatoka, na mimi nimeoa miaka mingi. Sikatizi kazi inayoendelea vizuri.

Maurine alitoka na kikombe mkononi. Akatazama kibao. Akatazama karai. Kikombe kikamponyoka, chai ikamwagika, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni alimtazama mtu machoni.

"Mama Nekesa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata majirani wakaacha kusukumana, "ulilolishika mkononi mwako si sabuni. Hilo ni gego la kwanza la juu la kulia. Lina mizizi mitatu na heshima zake. Nimelilea tangu lilipokuwa kipande, na leo mchana ndilo litakaloniombea mbele ya mtu asiyesikia maombi. Nakusihi uliache kabla halijaisha."

Mke wangu hakuliacha. Alinyooka, akaifuta mikono kwa leso bila kulitua jino, akajibu kama mtu aliyezaliwa mahakamani, na kweli korti za Makadara haziko mbali.

"Maurine mwanangu, mimi nimefua hapa kabla wewe hujaota meno ya kwanza. Sheria ya mfereji huu unaijua. Sikuingia kwenu, sikufungua kabati lenu, sikupekua mkoba wako. Nilikuta sabuni kibaoni, nikafua. Kama siku hizi meno yanaanikwa mahali pa sabuni, basi kesho na mimi nitaanika sufuria kitandani."

Watu wakagawanyika. Upande wa karai walisema sheria ni sheria. Upande wa mitungi walisema mtoto anasoma, aonewe huruma. Mmoja akauliza kwa nini asichonge jingine, akajibiwa na watu wengi kwa pamoja kwamba kazi ya wiki haifanywi kwa nusu asubuhi. Mimi sikusema kitu, kwa kuwa suruali ilikuwa yangu na mke ni wangu, na mtu mwenye busara hajitii kati ya hivyo viwili. Ndipo wote wakamgeukia Dani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, leso begani, akisikiliza.

"Sabuni ni ya mfereji," alisema Dani. "Jino ni la mwenye kinywa. Povu abaki nalo Nerima, jino alirudishe."

Hakuna aliyekata rufani. Mke wangu alilisuuza jino kwa maji safi, maana ni mtu wa haki hata akikasirika, akaliweka katika kiganja cha Maurine. Na hapo, ndugu zangu, tukaliona. Upande wa shavu ulikuwa umesimama kama alivyouchonga. Lakini Nerima alikuwa amelilaza jino kwa upande wa ulimi, na upande huo wote vilima vilikuwa vimelala. Kile cha tano, kile shemeji, kilikuwa kimeondoka na maji machafu. La kuvunda halina ubani, nikajisemea, mtoto huyu anarudia mwaka.

Maurine aliketi chini miguuni pa Dani akalia. Hakulia kwa maneno. Alilia kama anavyolia mtu aliyechoka, akiwa ameshika jino lake kwa mikono miwili, na mke wangu akasogea karibu naye akakosa la kufanya na mikono ile yenye nguvu.

Sasa mjue kwamba Dani hacheki. Si kwamba hana furaha. Alipokuwa msichana, kabla ya uhuru, aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya kwao, na baadaye alipokuja Nairobi na kuona watu wa mjini wakimkodolea, alijifunza kufunika mdomo kwa leso. Picha zake zote amefumba. Lakini asubuhi ile aliinua macho akaona suruali yangu kambani, aliyoianika mke wangu kwa haraka bila kuisuuza, ikitiririka povu mguu wa kulia na mguu wa kushoto, na mimi chini yake nikiitazama kwa majonzi. Akacheka. Alicheka kwa mdomo wote, leso ikaanguka, na Maurine aliyekuwa miguuni pake akainua uso uliolowa machozi akaona juu, ndani kabisa, upande wa kulia.

Machozi yalikatika palepale.

"Dani," alisema, "usifunge mdomo."

Ikafuata kazi ambayo hospitali kubwa hazijaiona. Dani aliketishwa kwenye kigoda changu, kichwa nyuma, akilielekea jua. Nerima alishika simu yenye tochi. Mimi nilikabidhiwa leso na kikombe cha maji, cheo ambacho nimekitumikia kwa uaminifu. Maurine aliingiza kijiko cha chai badala ya kioo, akachungulia, akalishika lile gego la sabuni kando ya shavu la bibi yake, akatazama huku, akatazama kule. Lilikuwa lilelile. Zaidi ya miaka sabini ya mahindi ya kuchoma, mifupa ya samaki na miwa, tena bila meno ya mbele ya chini ya kusaidia, ilikuwa imelilaza jino la Dani upande uleule ambao mke wangu alilaza la sabuni kwa suruali moja. Maurine akaanza kueleza kwa sauti inayopanda kwamba vilima vya upande wa ulimi ndivyo vinavyoingia katika bonde la jino la chini, ndivyo vinavyosaga, kwa hiyo ndivyo vinavyolika kwanza, na vile vya shavu hubaki vimesimama. Dani alijaribu kuuliza kama amemaliza, ila kwa kijiko mdomoni swali halikueleweka.

Akachukua sindano. Pale juu ya kilima kilicholala akachimba vishimo viwili vidogo, kama ilivyokuwa kinywani, mahali ganda gumu lilipokwisha na kiini cha manjano kikaonekana. Akalainisha kingo. Lile tuta la mshazari akaliacha nusu, kwa sababu na kwa Dani lilibaki nusu. Hakukitengeneza kile kilima cha tano. Aliniambia kwamba kusema uongo kwa sabuni ni kusema uongo pia.

Sikuwapo mtihanini. Yatakayofuata nimeyapata kwake mwenyewe, na pale aliposahau nimejaza kwa uwezo wangu. Daktari Muasya alikaa nyuma ya meza, magego ya wanafunzi yamepangwa mbele yake, meupe, makali, yote yana miaka sita. Alipofika kwa la Maurine alisimamisha mkono. Akaligeuza. Akakubali kwamba ni la kulia. Akahesabu mizizi, akaikuta mitatu, ule mrefu ukiwa mzima. Kisha akapitisha kidole juu ya taji na uso wake ukafunga.

Alimuuliza vilima vya upande wa ulimi vimekwenda wapi. Maurine alisimama wima, mikono imetulia, akatoa hotuba ambayo ningependa ichongwe ukutani.

"Daktari, ulituamuru tulete gego la kwanza la juu la kulia kama lilivyo kinywani mwa mtu. Hukutuambia awe mtu wa umri gani. Hili ni gego lililofanya kazi. Limelala upande linaposagia, na vishimo hivi ni pale ganda lilipoisha. Asubuhi liliponyoka mikononi mwangu zikafuliwa nalo nguo, sitakuficha, lakini nimelimalizia nikitazama jino la kweli, kilima kwa kilima. Mwenye jino anaitwa Adongo. Yuko Makadara, na ukitaka atafungua mdomo."

Mmoja nyuma akasema polepole, "Wueh." Daktari Muasya hakumtazama huyo. Aliuliza kwa nini mtu awe amelisaga jino kiasi hicho. Maurine akajibu kwamba bibi yake hana meno ya mbele ya chini, yaling'olewa sita, akiwa msichana.

Hapo yule mtu mkavu aliliweka jino chini. Kisha akasema kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia, "Nyanya yangu kule Kitui alichonga meno yake ya juu yakawa makali. Alikuwa akifunika mdomo kwa mkono. Mimi sikuwahi kumwomba aufungue."

Akatwaa kalamu. Alama ya kufaulu, wasikilizaji wangu, ni hamsini. Chini ya hamsini ni kurudia mwaka. Daktari Muasya akafikiri, akakunja uso kwa ajili ya ile suruali, akaukunjua kwa ajili ya vile vishimo, akaandika hamsini. Hakuongeza hata nusu. Naam, hamsini, ambayo tangu siku hiyo katika ploti hii haitajwi ukiwa umekaa.

Maurine alirudi jua likiwa bado juu, akakuta watu wote mferejini, maji yakiwa yameshakatika na hakuna aliyeondoka. Alipolitaja lile neno, mke wangu alimkumbatia akamwinua kutoka chini, na upande wa karai ukapatana na upande wa mitungi. Dani alinyoosha mkono apewe jino.

Alilishika akaligeuza, akalipima uzito. Kisha akauliza kama watoto wa siku hizi waking'oka jino bado hulirusha juu ya paa na kuomba jipya. Tukamwambia ndiyo, hata wa hapa hufanya hivyo. Akasema yale yake sita hakuna aliyeyarusha popote, yaliachwa chini, na yeye hajawahi kuomba. Akajifunga leso kiunoni, akarudi nyuma hatua moja, na kwa mkono wa mtu aliyepalilia mashamba akalitupa gego la sabuni juu ya mabati. Liligonga, likabingirika, likakwama.

"Moja nimetoa," alisema akiangalia juu, mdomo wazi, bila kuufunika. "Nadai sita."

Wiki hiyo, asubuhi moja, mvua ilinyesha. Maji yalishuka kutoka paani yakiwa na povu, yakaingia mitungini, yakaingia sufuriani, na suruali yangu ya kijivu, iliyokuwa bado kambani, ikafuliwa mara ya pili na jino lilelile. Doa limetoka kabisa. Ninayo hapa nimeivaa, mnaweza kusogea mkaitazama. Na asubuhi yote Dani alikaa mlangoni chini ya ukingo wa mabati, akipitisha ulimi taratibu kwenye ufizi wa chini, akingoja.